Kipimajoto cha shilingi 12,000 kutoka Kariakoo: miezi minane na mgonjwa aliyeshuka kinga

Nilichonunua ni kipimajoto cha betri, kile cha kijiti, chenye ncha ya chuma upande mmoja na kioo kidogo cha namba katikati. Wengi tunakiita themomita. Nilikipata Kariakoo kwenye duka la dawa za jumla, shilingi 12,000, pamoja na kiboksi chake cha plastiki. Chapa siwezi kuwatajia kwa sababu maandishi yamefutika yote. Nimekipangusa kwa spiriti mara tatu au nne kila siku kwa miezi minane, na sasa ni cheupe pande zote, kimebaki na kitufe cha bluu tu, nacho kimepauka pale kidole gumba kinapogusa.

Ninaandika kwa ajili ya mtu ambaye nyumbani kwake kuna mgonjwa aliyeshuka kinga. Anachomwa dawa za saratani, au amepandikizwa figo, au anameza prednisolone, dawa inayoshusha kinga, miezi nenda rudi, au alitolewa wengu. Ameambiwa "akipata homa mleteni haraka", kafika dukani, kakuta vipimajoto aina sita, na muuzaji anamwambia vyote ni sawa. Havilingani. Mimi ni fundi cherehani wa Tandika, si muuguzi, lakini jambo hili nimelijua kwa kukesha nalo.

Mdogo wangu ana saratani ya damu. Siku aliyoruhusiwa baada ya dozi ya kwanza, sista mmoja wa wodini, mama mtu mzima, alitukalisha mimi na mama yangu kwenye kitanda kilichokuwa wazi, akatueleza taratibu. Dawa hizi zinaua seli za ugonjwa, ila zinaangusha pia chembe nyeupe zinazolinda mwili. Kuanzia kama siku ya 7 hadi ya 14 baada ya dozi, zile zinazopambana na bakteria, neutrofili, zinaweza kushuka chini ya 500 kwa kila mikrolita ya damu, pengine zikakaribia sifuri. Mtu mzima wa afya akiingiwa na bakteria utaona jipu, wekundu, uvimbe, usaha. Na usaha kwa sehemu kubwa ni hizohizo chembe nyeupe zilizokufa zikipigana. Asiyekuwa nazo hatoi usaha. "Hamtaona kidonda, hamtaona jipu," alisema. "Mtaona homa. Basi."

Akatupa kadi ya manjano. Joto likifika 38.0 na kukaa hapo saa nzima, au likigonga 38.3 hata mara moja, njooni usiku huohuo. Chini aliongeza kwa mkono: msimpe panadol kabla ya kupima na kuongea nasi, msipime kamwe kwa njia ya haja kubwa. Hilo la pili nilimuuliza sababu. Akasema ngozi ya ndani kule kwa mtu wa hali hii ni laini mno, mkwaruzo mdogo tu unawafungulia mlango bakteria wa tumboni waingie kwenye damu.

Basi nilipokwenda Kariakoo nilijua ninachotafuta: kifaa cha kuniambia 38.0 ni 38.0.

Cha kwanza nilichonunua hakikuwa hiki. Kilikuwa cha shilingi 5,000, nilikipata njiani nikirudi. Nilimpima mdogo wangu kwapani, kikasoma 36.2. Nikarudia baada ya dakika tano, kwapa lilelile, kikasoma 36.9. Kwa mtoto mwenye mafua ya kawaida pengine tofauti hiyo haina neno. Kwa mtu ambaye 37.9 ni kulala na 38.3 ni kukimbia hospitali usiku, haifai kabisa. Nikakiacha.

Hiki cha 12,000 nilikijaribu palepale dukani, mbele ya muuzaji, kwa mwili wangu mwenyewe: mara tatu kwapani, 36.5, 36.6, 36.5. Nyumbani nikampima mama, shangazi na mtoto wa jirani, kila mmoja mara mbili. Hakikuwahi kutofautiana zaidi ya nukta moja. Hapo ndipo nilipokiamini. Mnaponunua fanyeni hivyo, na muuzaji akikataa hamieni duka la pili.

Sasa niwape habari ya usiku wenyewe, maana ndio ulionifanya niandike haya.

Ilikuwa siku ya kumi na mbili baada ya dozi ya pili. Jioni alikula uji nusu kikombe, akasema midomo inamuuma. Vidonda vya mdomoni vilikuwa vimeanza. Kwa hiyo nilikuwa nampima kwapani, si chini ya ulimi. Joto la kwapani huwa chini kidogo kuliko la mdomoni, karibu nusu digrii, na sista alikuwa ameshatuonya: kwapani likisoma 38, ndani ni zaidi. Nilikuwa naandika kwenye daftari langu la vipimo vya wateja kwa sababu ndilo lililokuwa karibu na cherehani. Ukurasa ule ninao mpaka leo. Juu kuna gauni la kitenge la mteja wa harusi: kifua 38, kiuno 31, nyonga 42. Chini yake, kwa kalamu ileile: saa 3 usiku, 37.4. Saa 5, 37.8. Saa 6 na nusu, 38.1. Saa 7 na nusu, 38.4.

Kwa macho hakuwa mtu wa kukimbizwa. Alikuwa amejikunyata chini ya shuka mbili. Aliniambia, "Dada, zima feni tu, nasikia baridi, nitakuwa sawa." Shangazi akaja na panadol mbili kwenye kiganja na glasi ya maji. "Mpe alale, mwanangu. Asubuhi na mapema mtakwenda." Alisema kwa huruma, na mimi nilichoka, na nje kulikuwa giza. Nikamwonyesha ile 38.4 kwenye kioo na kadi ya manjano. Akaziweka panadol mezani, akaenda kumwita kijana wa bajaji.

Hospitali sitaitaja. Mlangoni walimwelekezea ile bunduki ya paji la uso, iliyozoeleka tangu Corona. Ikasoma 36.8. Tukaambiwa tukae kwenye benchi, foleni ni ndefu. Fikirini: alikuwa ametoka kwenye bajaji iliyo wazi pande zote, upepo wa barabarani umempiga usoni, paji limelowa jasho la baridi. Kile kifaa kinapima joto la ngozi ya juu, na ngozi ya juu ilikuwa imepoa. Ndani alikuwa anaungua.

Tulikaa pale dakika 35. Nilikwenda mara mbili kusema ana homa, mara mbili nikaambiwa mashine haijaonyesha homa. Mara ya tatu nilibonyeza kitufe cha kipimajoto changu. Ukikiwasha, kabla ya kuanza kupima, kinaonyesha kwa sekunde mbili kipimo cha mwisho. Nikamwekea muuguzi mbele ya macho: 38.4. Nikaweka daftari juu ya kaunta, na kadi. Akasoma kadi, akainua macho, akauliza, "Dozi lini?" Nikamwambia siku kumi na mbili. Akachukua kipimajoto chake mwenyewe, akakiweka kwapani: 38.6. Kutoka hapo sikumwona mtu akikaa chini tena.

Kumbukumbu ile ya sekunde mbili ndiyo sababu kubwa ya mimi kukisifu kifaa hiki. Msinunue kisichokuwa nayo.

Walifanya jambo ambalo kila mwenye mgonjwa wa namna hii anapaswa kulijua: walichukua damu ya kuotesha bakteria maabara kabla ya kumpa dawa ya kuwaua. Chupa mbili kutoka kwenye ule mrija mrefu aliowekewa mkononi, unaopita kwenye mshipa hadi karibu na moyo, na chupa mbili kutoka mkono mwingine kwa sindano. Chini ya kila chupa kuna supu ya kulishia bakteria. Daktari alisugua ngozi kwa dawa, akasubiri ikauke kabisa, akachoma, akajaza kila chupa mililita 8 hivi, akaandika saa na mahali damu ilipotoka. Nilimuuliza mbona damu nyingi hivyo kwa mtu asiye na damu. Akaniambia bakteria kwenye damu huwa wachache mno. Ukichukua matone unaweza ukawakosa, na ukianza dawa kwanza wanaweza wasiote, mkabaki mnatibu kwa kubahatisha. Dawa ya kwanza ikatundikwa hapohapo. Alisema lengo lao ni ianze ndani ya saa moja tangu mgonjwa afike. Zile dakika 35 za benchi ziliniuma sana niliposikia hivyo, na bado zinaniuma.

Homa haikushuka. Kesho yake wakambadilishia meropenem, dawa kali ya bakteria ambayo ukiitaja kwa ndugu wote wanaanza kuchangishana. Homa ikabaki pale, 38.9, 39.1, 38.8. Siku ya tatu daktari alikuja na majibu ya awali ya maabara. Chupa zimeota. Ile ya kwenye mrija ndiyo iliyoonyesha kuota kwanza, na ya mkononi ikafuata zaidi ya saa tatu baadaye. Ya mrija ikitangulia kwa saa mbili au zaidi, alisema, hiyo ni dalili kwamba bakteria wanakaa kwenye mrija wenyewe. Siku iliyofuata jina likapatikana, akaliandika nyuma ya kiboksi cha glavu ili nisilikosee: Stenotrophomonas maltophilia.

Kile kipande cha boksi nilikikata kwa mkasi wangu wa kitambaa. Nimekibandika kwenye daftari, ukurasa unaofuata ule wa gauni la kitenge.

Bakteria huyu anapenda maji. Anakaa kwenye mabomba, masinki, bafu, udongo, hata kwenye vifaa vya hospitali vyenye unyevu. Mimi na wewe tunakutana naye na hana madhara kwetu. Jina hilo alipewa mwaka 1993. Kabla ya hapo alihamishwa kutoka kundi moja la bakteria hadi jingine, kwanza akiitwa Pseudomonas, kisha Xanthomonas. Kwa mtu asiye na neutrofili, mwenye mrija, aliyewahi kutumia dawa kali za bakteria, anapata nafasi. Mdogo wangu alikuwa na vyote vitatu, maana dozi ya kwanza pia alichomwa meropenem. Na meropenem kwake haifui dafu: bakteria huyu kwa asili yake ana vimeng'enya vinavyoikata. Zaidi ya hapo, dawa ile inafagia bakteria wengine na kumwachia yeye uwanja.

Daktari akaniuliza tunamwogeshaje. Nikakumbuka. Wiki moja nyuma plasta ya mrija ililowa bafuni. Tulikuwa tunaoga kwa ndoo na kata, alinyanyua mkono lakini maji yalishuka, na mimi niliikausha kwa taulo nikaiacha mpaka siku ya kliniki kubadilishwa. Nilimuuliza, ni maji yale? Alinyamaza kidogo, akasema hawezi kuapia. Inawezekana, na inawezekana pia ilitoka kwenye sinki la wodi. Aliniambia nisijibebeshe. Ninawaambia nyie: plasta ikilowa, siku hiyohiyo rudini ibadilishwe. Sasa kabla ya kuoga nazungushia nailoni ya kufunikia chakula mizunguko mitatu na kufunga kwa plasta juu na chini, na mkono ule hauingii bafuni kabisa. Unapanguswa kwa kitambaa chake peke yake.

Mrija ukatolewa. Na dawa iliyomtibu? Septrin.

Nilidhani sikusikia vizuri. Septrin hii tunayoijua sote, ya vidonge vyeupe, wanayomeza watu wanaoishi na VVU kwa kinga, ambayo bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na meropenem. Kwa bakteria huyu ndiyo dawa ya miaka mingi, na vipimo vya maabara vilionyesha inamuua. Waliiunganisha na levofloxacin, dawa nyingine ya bakteria, siku za mwanzo. Dozi siyo ile ya kinga: kwa uzito wake wa kilo 60 alimeza vidonge sita vya miligramu 960 kwa siku, huku wakipima figo na potasiamu mara kwa mara, kwa hiyo asije mtu akasoma hapa akampa mgonjwa wake Septrin ya kabatini. Ninachotaka mwone ni kwamba bila zile chupa za kuoteshea kusingekuwa na jina, na bila jina tungeendelea kuchangisha fedha za dawa isiyofanya kazi. Na bila 38.4 chupa zile zisingejazwa usiku ule.

Daftari linaendelea. Siku ya pili ya Septrin 38.3. Ya tatu 37.9, ya nne 37.2. Siku ya tano asubuhi 36.8, na pembeni yake mama yangu, ambaye hapendi kuandika, ameandika kwa mkono wake: Alhamdulillah.

Kitanda cha jirani kule wodini palikuwa na binti mwenye selimundu, mama yake naye anamlinda kwa kipimajoto kama changu. Kwao walielezwa kwamba wengu wa mtoto haufanyi kazi ya kuchuja bakteria, kwa hiyo salmonela na nimokoka wanaingia kwenye damu kwa urahisi kuliko kwa watoto wengine, na homa kwake haisubiriwi. Niliona jinsi tulivyo wengi tunaolala na kijiti hiki chini ya mto.

Nirudi kwenye kifaa, maana kina kasoro zake.

Kioo hakina taa. Umeme ukikatika saa tisa usiku lazima ushike simu kwa mkono mmoja na kumbana mgonjwa kwapa kwa mkono wa pili. Kuna vya shilingi 18,000 vyenye taa ya kijani. Kama unazo, ongeza. Mlio wake ni mdogo, feni ikiwa inazunguka husikii. Na usiamini mlio wa kwanza ukipima kwapani. Kinalia baada ya sekunde kama 60, lakini nikikiacha dakika mbili zaidi mara nyingi namba inapanda kwa nukta moja au mbili. Mimi nasubiri dakika tatu kwa saa ya ukutani. Kwapa nalikausha kwanza kwa kitambaa, mkono naubana kifuani mwenyewe, kwa sababu mgonjwa aliyechoka anaulegeza bila kujua. Mdomoni, akiwa hana vidonda, nasubiri dakika 20 baada ya chai au maji baridi.

Betri ni ile kama kifungo cha shati, LR41. Ya kwanza ilidumu miezi sita kwa vipimo vinne kwa siku, nayo ilikufa ghafla, kioo kikafifia na kuzimika katikati ya kupima. Kuifungua kunahitaji kucha au ncha ya mkasi. Nunueni betri ya akiba siku hiyohiyo ya kununua kifaa, msingoje. Ziwekeni mbali na watoto, wakizimeza ni hatari kubwa.

Maji: ncha ndiyo inavumilia, mwili wake hapana. Usikitumbukize kwenye kikombe cha dawa. Pamba yenye spiriti, pangusa, acha kikauke, rudisha kwenye kiboksi. Na kiwe cha mgonjwa peke yake. Mtoto wa jirani akiugua, atafutiwe chake.

Kuhusu bunduki za paji la uso, mimi sizitaki tena kwa mgonjwa wangu. Niliazima ya jirani mwenye duka, nikajaribu nyumbani: nimekaa mbele ya feni, 35.9; nimetoka jikoni kwenye jiko la mkaa, 37.8, na kwapani mara zote mbili nilikuwa 36.6. Kwa mlango wa shule au ofisi zinaweza kutosha. Na ile ya kioo yenye zebaki aliyokuwa nayo mama ilivunjika zamani, tukakusanya zebaki sakafuni kwa karatasi bila kujua madhara yake. Msiirudishe ndani ya nyumba.

Ninakipa nyota nne kati ya tano. Ya tano ningeitoa kama kingekuwa na taa.

Leo ni siku ya tisa baada ya dozi ya tatu. Ana mrija mpya, mkono wa kushoto. Saa mbili asubuhi alisoma 36.7, saa nane mchana 36.9. Nimekwenda Kariakoo nikanunua kingine, duka lilelile, bei imepanda hadi 13,000. Hicho cha pili kinakaa kwenye begi la hospitali, pamoja na kadi ya manjano, betri mbili na nauli ya bajaji.